Maganda ya Komamanga

Marhoon alirudi kutoka hospitali akamkuta mkewe, Sayyida, analitumbukiza sufuriani gauni jekundu la maua alilomnunulia soko la Matrah, Idi iliyopita. Moyo ulimchoma.

Ua wa nyumba yao ya mtaa wa Mabela ulinuka maganda ya komamanga yaliyochemshwa. Fani hiyo Sayyida alifundishwa na jirani yao Yoshie, Mjapani, mke wa injinia. Nguo huchovywa kwenye maji ya maganda, kisha kwenye maji ya misumari yenye kutu, ikatoka na rangi ya jivu. Kwao Yoshie mabibi wakitia nguo rangi hivyo tangu zamani. Wiki nzima Sayyida hakuwa na kazi nyengine, na nguo zake za maua zilikuwa zikiisha moja moja kabatini.

Marhoon alitaka kugomba, akashindwa. Daktari alikuwa amemwambia ini limekwisha, Ramadhani huenda asiione. Naye alikula yamini mkewe asijue. Miaka thelathini ameishi na kicheko cha mwanamke yule, na alikitaka mpaka siku ya mwisho. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini Marhoon alijiona mjanja. Karatasi za hospitali alizificha chini ya kiti cha gari, nyumbani akisema anakwenda kupima presha.

Siku ile Yoshie alikuwa akitoka. Kwa kawaida alikuwa mcheshi, ila walipopishana mlangoni aliinama sana, asimtazame usoni. Marhoon alidhani ndiyo adabu ya kwao.

Sayyida hakuuliza presha imefika ngapi. Alimwekea kiti kivulini, akamletea maji ya ndimu, akarudi sufuriani. Gauni likatoka limefifia, maua hayaonekani tena. Akalikamua, akalianika pamoja na mengine matatu.

Marhoon alizitazama zile nguo kambani na machozi yakamlengalenga. Siku chache alizobakiwa nazo, kumbe atamwona mkewe kavaa majivu, kwa ajili ya fani ya kuiga kwa jirani.

"Mbona unaziua rangi nguo zako, mke wangu?" akauliza. "Hizi utavaa uende wapi?"

Sayyida akaja akakaa karibu naye. Akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyoingia weusi.

"Siendi pahala, Marhoon," akasema taratibu. "Ntazivaa humu humu ndani nikikaa eda, miezi minne na siku kumi."