Mbweha wa Bi Okbun

Kwenye klabu yetu ya wazee, Bi Okbun alikuwa akiniuliza mimi kanuni za mchezo wa karata wa kwenye simu. Kisha akaja fundi saa mstaafu, na viazi vitamu akaanza kummenyea yeye.

"Mbweha wako hafi kwa sumu," fundi alimhakikishia, akiigusa karata ya Mbweha kwenye simu yake.

"Mbona karata ya Kobe inakufa?" nikauliza. "Mbweha ana mjomba kwenye kampuni?"

Wakacheka, wote wawili, pamoja. Nikawaandikia wenye mchezo barua ndefu kuliko Mto Han: kanuni iwe moja, Mbweha naye afe.

Leo sumu ikamuua Mbweha, karata ambayo Bi Okbun aliipenda kuliko zote.

"Fundi, umenidanganya," akasema Bi Okbun, na kiazi akaninyooshea mimi.

"Ngoja, dada," fundi akasema, akipangusa miwani. "Wenye mchezo wamebadili kanuni, na wameeleza sababu hapa kwenye simu. Wamemshukuru mlalamikaji kwa jina."