Alama ya Miaka Mitatu

“Huyu mtoto asife,” mkaguzi alisema, akigonga skrini kwa kalamu. “Kwanza, mbona amelala sakafuni?”

“Ndiyo kafa, mzee.”

“Basi afufuke. Acheke.”

Mchoraji aliandika: acheke. Ilikuwa mara yake ya nne kuja katika ofisi hii inayopanga michezo ya video kwa umri. Bila alama ya miaka mitatu, mchezo wake usingeingia chekechea yoyote, na kazi ya miaka miwili ingeota ukungu.

Mkaguzi hachezi michezo. Hiyo ni kazi ya watoto, alisema. Yeye huletewa vipande vyenye makosa tu, juu vimeandikwa namba ya faili, akavitazama sauti ikiwa imezimwa huku akijaza fomu. Moshi: tiki. Maiti: tiki. Kwa mtindo huo, alijisifu, hajawahi kukosea tangu aajiriwe.

“Na hivi vidole vyeusi?”

“Vimeungua.”

“Vipake rangi ya waridi. Hizi cheche nazo zinatisha. Weka nyota. Kila nyota, pointi kumi.”

“Lakini mzee, wakipewa zawadi, si watadhani...”

“Dada, una roho ya jiwe wewe. Moshi na maiti kwa watoto wa miaka mitatu! Unao wangapi nyumbani?”

“Sina.”

“Ndiyo maana.”

Mchoraji aliandika: waridi, nyota. Mwenye nguvu mpishe.

Wiki iliyofuata alirudi na mchezo uliosafishwa ukang’aa. Safari hii mkaguzi alikuwa amekuja na bintiye wa miaka minne. Alimpakata, akampa tableti.

Binti alibonyeza, akacheka, akabonyeza tena. Nyota zilimwagika.

“Baba, pointi mia!”

“Umeona?” mkaguzi alitamba, akigonga muhuri kwa kishindo. “Hajashtuka hata chembe. Haya ndiyo mambo ya watu wanaojua watoto.”

Kweli, hakushtuka. Aliteremka mapajani mwa baba yake, akachukua klipu ya karatasi mezani, akaenda kupiga magoti mbele ya soketi ya ukutani. Mchoraji aliruka, akamdaka mkono.

“Niache! Nataka nyota!”

Mkaguzi aliivuta tableti karibu, na kwa mara ya kwanza akasoma jina la mchezo: Usiguse Umeme.