Mwongozo wa Kiangazi

Chui alifuga kondoo na ng'ombe, na kama mfugaji yeyote wa kisasa, alikuwa na mshauri wake, Bwana Mifugo Fisi.

Wakati wa masika Fisi alikuja na utepe, akawapima wanyama vifua, kisha akamwambia Chui, "Anza kuchinja walionona."

Kondoo, mjanja wa zizi, alisikia, na tangu siku hiyo akawa anaonja tu pumba. Fahali, ambaye alikuwa bado hajanona, alimcheka.

"Dada, unajikondesha hivyo umeposwa na nani?"

"Wewe kula, kaka. Mimi nataka kuzeeka."

Kiangazi kilipoingia, Fisi alirudi na utepe wake. Alimpima Kondoo, akatikisa kichwa kwa huruma ya kiofisi.

"Malisho ni haba, mzee Chui. Anza na waliokonda."

Kondoo alidakia, "Lakini mkuu, si ulisema walionona?"

"Huo ulikuwa mwongozo wa masika," Fisi alimjibu kwa upole. "Huu ni wa kiangazi."

Chui akamshika Kondoo shingo, wakaondoka.

Fahali alisimama na pumba mdomoni, hatemi, hamezi. "Na wa vuli, mkuu, unasemaje?"

"Bado unaandaliwa," alisema Fisi, akimzungushia utepe kifuani. "Ila wewe endelea kula."