Neno la Gari

Tangu sheria iamue kwamba gari halisemi uongo, Andulile hakuwahi kubishana na pikapu yake. Siku pampu ya dizeli ilipokufa mlimani, viazi vyake vikabaki vinaungua jua, alilivuta gari hadi karakana ya kampuni iliyoliunda akijua dhamana ya kutengenezewa bure bado ipo.

Fundi aliliuliza gari kilichotokea. Likajibu kwa upole, "Tusekile alitia maji kwenye tangi."

"Mke wangu? Mwongo mkubwa wewe!" Andulile alifoka, akaupiga mlango wa gari teke. "Pampu zenu ndizo mbovu! Pikapu ya jirani yangu imekufa hivihivi!"

"Sina la kufanya, mzee wangu," fundi alisema. "Gari likishasema, dhamana imekwisha."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Tusekile alimtengea ugali, akakisikiliza kisa chote, akalitukana gari kuliko hata yeye.

Andulile alimega tonge, akaliacha. "Lakini mama Lusajo," aliuliza bila kumtazama, "kweli hukugusa tangi?"

"Kumbe umeliamini!"

Tusekile akaondoa chakula mezani, na Andulile, pamoja na hasira zake zote, hakuweza kusema hapana.