Nguzo ya Tano

Mtunza makumbusho aliigeuza sarafu mara ya pili, akainuka, akaufunga mlango.

"Hii umeitoa wapi, binti?"

"Kwenye kidroo cha cherehani ya marehemu mama. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa."

Mwanamke huyo, fundi cherehani kama mama yake, alikuja akiwa amejiandaa kuchekwa. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la vitu ambavyo watu huleta wakidhani ni mali: vifuniko vya soda, vifungo vya makoti, funguo zilizoliwa na kutu. Lakini mzee hakucheka. Alimsogezea kioo cha kukuzia.

"Hesabu nguzo."

Upande mmoja wa sarafu ulikuwa na daraja juu ya mawimbi. Upande wa pili, mikono miwili imeshikana, na chini yake tarehe.

"Tano."

"Na daraja lenyewe?"

Alikuwa amelivuka asubuhi ile ile, kwenye basi. "Nne."

"Ndiyo hapo. Sarafu za kumbukumbu hupigwa mapema, kabla ya sherehe. Mchoraji alipewa ramani ya nguzo tano, akachora tano. Siku moja kabla ya ufunguzi, nguzo ya tano ikaanguka na watu wake. Walipojenga upya wakaweka nne. Zile sarafu zikayeyushwa."

"Sasa hii imeponea wapi?"

"Asubuhi ya ajali mhandisi alipanda darajani akagawa chache, kwa zamu iliyokuwa inaondoa mirunda ya kushikilia zege. Zege lilikuwa bado bichi, lakini wakubwa walitaka sherehe yao. Kufika mchana hakukuwa na zamu tena."

Baba wa mwanamke huyo ndiye aliyekuwa nyapara wa zamu ile. Yeye ndiye aliyetoa amri mirunda iondolewe. Mwili wake haukuonekana. Mama alisema mto ulimchukua. Watu walisema alitoa amri akiwa ng'ambo, kivulini, kisha akatoroka. Sasa ukuta wa majina ulikuwa unajengwa pale darajani, na familia za marehemu zilikuwa zimekataa katakata: jina la nyapara halichongwi mpaka ijulikane kwamba alikuwa juu na vijana wake.

"Nyapara wao alikuwa baba yangu. Kwa hiyo alikuwa juu," alisema.

"Waliopewa hizi wote walikuwa juu. Kamati ya ukuta nitawaambia mwenyewe. Wachonge."

Alilia palepale, mbele ya vifuniko vya soda. Mzee akamwacha alie. Mwanamke alipofika mlangoni ndipo mzee akamuuliza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo:

"Sarafu kama hii nimewahi kuziona, na zote zilitoka mifukoni mwa maiti. Baba yako mto ulimchukua. Hii ya kwenu iliingiaje nyumbani?"

Jibu alilitafuta ndani ya basi, daraja likipita chini yake, na kabla ya kushuka akawa amelipata. Hakulipenda.

Mjomba.

Mjomba alitokea wiki chache baada ya ajali, mama akiwa ameshahamia mji mwingine na mtoto mgongoni. Alikuja na ndevu na begi moja. Mama akasema huyu ni kaka yangu, atakaa nasi. Akakaa miaka yote. Akamlea, akamfundisha baiskeli, akamtukania wanaume waliomwacha. Lakini daraja lile hakulivuka hata siku moja. Akiwa na safari ng'ambo alizunguka hadi kwenye kivuko, nusu siku nzima, mpaka mtaa ukamwita Mzunguko. Na siku walipomzika mama, ilibidi aondolewe kaburini kwa nguvu. Jirani mmoja aliguna: "Kaka gani huyu, analia hivi?"

Alimkuta uani, ameinamia beseni la maji, anatafuta pancha kwenye mpira wa baiskeli.

"Umewahi kurudi, mpwa wangu. Dereva alikuwa anakimbizwa leo?"

Aliiweka sarafu juu ya kiti cha baiskeli. Mikono ya Mjomba ilibaki majini. Mapovu yaliendelea kupanda, moja moja.

"Mama yako aliniambia ameitupa," alisema.

"Ilikuwa mfukoni mwa baba, siyo?"

"Ilikuwa mfukoni mwake."

"Ukampekua! Maiti ya shemeji yako, Mjomba! Ukachukua ulichokitaka, yeye ukamwachia mto. Ndiyo maana daraja hulivuki!"

Mjomba aliutoa mpira majini, akauning'iniza kwenye kamba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Basi kaa na dhambi yako," mwanamke alisema. "Mimi baba yangu nimemsafisha. Wiki ijayo jina lake linachongwa ukutani, pamoja na wenzake."

"Wazuie."

"Niwazuie? Alikuwa juu nao! Nimethibitishiwa!"

"Alikuwa juu. Zege lilipoanza kulia, wote walimtazama yeye, wakingoja aseme neno. Hakusema. Aliruka."

"Wewe umejuaje?"

Mzee Mzunguko aliichukua sarafu, akaifuta kwenye shati, akaitia mfuko wa kushoto bila kuangalia, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

"Nenda kawazuie, mwanangu," alisema. "Ule ukuta ni wa waliokufa."