Mikono ya Mdogo Wake

Kimashine cha kung'olea nywele kilipogusa kifundo cha mkono, Manyoya alibana pumzi akakipandisha taratibu, kinyume na nywele zinavyolala. Kiling'oa vinyweleo pamoja na mizizi yake, kikaacha vidoa vyekundu nyuma yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha. Miguu hakuigusa. Miguu ilikuwa na nywele kama ya marehemu baba yake, na hakuna aliyekuwa na shida nayo.

Alikuwa ameloweka mikono kwenye maji ya moto kwanza, maana ngozi ikilainika maumivu hupungua. Hupungua kidogo tu. Anayesema haiumi ni muuzaji.

Kimashine kilikuwa cha Hariri, mdogo wake, aliyekuwa akikitumia miguuni. Mikono yake yeye ilizaliwa laini. Siku ya kwanza Manyoya alipokifungua ili akisafishe, alikuta vinyweleo vya mdogo wake vimenasa mle ndani. Alikaa sakafuni akalia mpaka maji yakapoa.

Lori liliacha njia likamfuata Hariri kwenye kituo cha basi. Wakamzika kimyakimya, msiba ukakaa kwa mama yao mdogo, mtaa wa pili, ili kilio kisifike chumbani kwa mama yao. Mama macho yalishamwishia, na sasa moyo nao ulikuwa unamwishia. Daktari alishasema: mshtuko mmoja tu unatosha. Manyoya akaamua kwamba Mama hatajua.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," mama mdogo alimwonya.

"Na ya Mama imebaki ndefu kiasi gani?"

Mama mdogo akajifuta macho kwa kiganja.

Katika kujifanya Hariri, sauti haikuwa tatizo. Wawili hao walifanana sauti kama waliogawiwa koo moja, na tangu utotoni walikuwa wakiitikiana majina gizani, mmoja akiiba sukari, mwenzake akijibu kwa niaba yake. Mama hakubabaishwa na maneno. Alikuwa anakamata mkono. Mkono wenye nywele, huyo Manyoya, anachapwa. Mkono laini, huyo Hariri, anasamehewa. Majina ya utani yalianzia hapo, na mmoja wao alilipenda lake kuliko mwenzake.

Manyoya alikua akawa fundi cherehani kiwandani, na utani ukamfuata huko huko. Pamba ilimganda mikononi mpaka wenzake wakasema akijikung'uta vizuri unapatikana mto. Alicheka nao. Ukishazoea kuchekwa, unajifunza kuanza wewe.

Mwanzoni alitumia wembe. Kesho yake Mama akamshika akasema, "Mbona unachoma kama brashi, Hariri?" Akadanganya kuwa ni upele wa sabuni. Ndipo akageukia kimashine, ambacho kikishang'oa, ngozi inakaa laini wiki kadhaa. Ila nacho kilikuwa na ubaya wake: hakirudishi kilichong'oa. Asingeweza kuwa Hariri asubuhi na kuwa yeye mwenyewe jioni. Hivyo, kama Manyoya, akageuka mtu wa kusalimia kutoka mlangoni tu.

"Shikamoo, Mama. Nawahi zamu." "Nina mafua, Mama, nisije nikakuambukiza." Kisha anakaa jikoni kidogo, anavua viatu, anajipaka losheni ya mdogo wake, anaingia kama Hariri, kwa hatua nyepesi, na kukaa kitandani.

"Dada yako ananikwepa?" Mama aliuliza siku za mwanzo.

"Kazi, Mama. Wamepata oda kubwa."

Siku hizi hakuuliza tena. Manyoya alishukuru, na papo hapo ilimuuma. Akiwa Hariri alishikwa mkono, alibembelezwa, aliambiwa siri za ujana wa Mama. Kwa mikono yake mwenyewe hakuwahi kupata hata robo ya hayo. Alikuwa anamwonea wivu marehemu, na alijionea aibu kwa hilo.

Jumapili hiyo, alipomaliza na mkono wa kulia, alipaka poda, akasubiri wekundu utulie, akaingia. Mama alikuwa amelala chali, kifua kikipanda kwa shida.

"Ni mimi, Mama."

"Lete mkono."

Mama aliupapasa kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, polepole, kama mtu anayekagua kitambaa kabla ya kununua. Machozi yakamtiririka masikioni.

"Unahangaika sana, mwanangu. Sasa acha."

"Niache nini, Mama?"

"Wageni wanaingia humu, mmoja anaanza kusema pole, mwenzake anamkanyaga mguu. Mimi ni kipofu, si kiziwi. Najua mmoja wenu kafa. Nimejua siku nyingi, na moyo bado unapiga. Hebu sikiliza."

Manyoya alilaza kichwa kifuani kwa mama yake akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekimeza tangu msiba. Mateso yote yale, na Mama alikuwa anajua. Mzigo ulimtoka hata akakaribia kucheka. Akafungua mdomo aombe msamaha.

Mama akamziba kwa vidole.

"Pale mlangoni sauti yake unaiiga vizuri, Hariri wangu, lakini usijitese tena kwa ajili yangu. Manyoya alikuwa mtu wa kazi, Mungu amlaze pema. Nitakwambia neno ambalo mama hapaswi kulisema. Kila nikiushika mkono huu nashukuru kwamba, kama ilikuwa lazima achukuliwe mmoja, niliachiwa wewe."