Ekari za Makaburini

Kofi la tatu lilimwangusha mkulima pamoja na kiti chake, akala vumbi la ngano.

"Mwinue," alisema Mwenyekiti wa chama cha wakulima. Alikuwa amekaa juu ya mizani ya magunia, miguu inaning'inia, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Namuuliza taratibu, kama ndugu yangu. Nani alikupa orodha?"

Orodha yenyewe ilikuwa ya ruzuku. Serikali ililipa kwa kila ekari ya ngano, na Mwenyekiti, mtu asiyependa kuona ardhi imekaa bure, alikuwa amelima kwenye karatasi mpaka makaburini: ekari sabini, zote kwa majina ya marehemu. Karatasi hizo alizifungia kabatini kwake. Sasa moja ilikuwa imefika wizarani, na aliyeipeleka ni huyu mkulima wa ekari nne.

"Unamchongea hata mama yako, Mungu amrehemu," Mwenyekiti alisema. "Huna haya?"

Mkulima alitema damu. "Mama ana ekari kumi na mbili, mzee. Nilitaka kumwomba anikodishe mbili."

Ngumi ya tumbo ilimkata pumzi. Ilikuwa ya Tingatinga, mlinzi wa ghala, jitu lisilo na maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia, kufagia ofisi na kumpiga yeyote aliyeonyeshwa kidole.

"Wewe sina shida na wewe," Mwenyekiti aliendelea. "Utarudi kwa mkeo ule chakula chako. Namtaka msaliti wangu. Huyo nitamfukia humu humu chini ya magunia, akiwa anapumua. Jina tu."

Mkulima alitikisa kichwa. Tingatinga akampasua mdomo.

Mwenyekiti aliteremka kwenye mizani. Ukutani ilitundikwa ndoano ya kuvutia magunia. Akaichukua, akaifuta kwa leso, akaiweka ncha chini ya jicho la mkulima. Akasukuma kidogo. Damu ikashuka kama chozi.

Mkulima alikuwa ameapa kutomtaja mtu. Lakini alipoapa alikuwa na macho mawili, na hakuna aliyemwambia kwamba moja litaombwa.

"Basi," alisema. "Ondoa hiyo. Nasema."

"Nakusikiliza, ndugu yangu."

"Ni—"

Teke lilimpata kwenye taya. Kitu kikalia ndani ya kichwa chake kama kuni kavu inayovunjika, akaanguka chali.

"Pumbavu wewe," Mwenyekiti alimgeukia Tingatinga. "Si alikuwa anasema?"

"Nilidhani anakutukana, bosi."

Mwenyekiti aliinama kumtazama mkulima. Taya lilikuwa limehamia upande, linaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Mtu huyo hangetamka neno kwa mwezi mzima.

Simu ikaita mfukoni. Wakaguzi wa wizara walikuwa wameshafika ofisini. Mwenyekiti alilaani, akajipangusa vumbi la suruali, akaweka uso wa kupokea wageni.

"Katupe hilo barabarani," alisema. "Lionekane limegongwa na trekta."

Mlango ukafungwa. Tingatinga alisimama akisikiliza mpaka mlio wa gari ulipopotea. Kisha akachuchumaa, akavua kiatu cha kushoto, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kuisokomeza ndani ya shati la mkulima.

"Hii ni ya mwaka juzi," alinong'ona. "Na wewe ulitaka kunitaja."